Njia ya Majarubani

Padre hakutaka kusikia nimejuta kiasi gani. Aliniuliza ninapita njia ipi nikitoka shambani.

Nilishangaa. Nilikuwa nimepiga magoti kuungama ulevi kwa mara nyingine tena, na nilishajiandaa kulia kabisa. Nikamjibu kwamba kutoka kwenye kakao yangu hadi nyumbani njia ni moja, na inapita uani kwa mama mmoja anayeuza pombe ya ulezi.

"Basi dhambi yako inaanzia njiani," akasema. "Kwepa nafasi ya dhambi. Tafuta pengine pa kupita."

Nikatoka nimevimba. Mtu mzima mimi, nizunguke kwenye majaruba ya mpunga kama mwizi wa kuku? Nikaamua nitapita palepale, nitasalimia, sitakunywa.

Aliyewahi kuishi Kyela anaujua upumbavu wa mpango huo. Chungu cha pombe ya moto kiko katikati, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake, na ukisimama tu kusalimia unakabidhiwa wako. Kuukataa ni kuwaambia wenzako kwamba huwaamini. Siku ya kwanza nilivuta kidogo, kwa adabu. Siku ya tatu nilirudi nyumbani nikiimba.

Mke wangu hakupiga kelele. Ni mzaliwa wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, na alikwisha kuniambia kwamba nikilewa tena atarudi kwa kaka zake. Asubuhi nikamsimulia habari za padre, nikitegemea anionee huruma. Akaacha kufagia.

"Baba watoto, mimi tangu unioe namkwepa baba yako. Nikisikia tu kikohozi chake naingia migombani, hata nikiwa na ndoo ya maji kichwani. Hajanikosea kitu mzee wa watu, ni heshima tu. Wewe umeshindwa kukwepa chungu?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Desturi hiyo ya mkwe siku hizi wengi wameiacha, nami nilizoea kumwona akichepuka bila kufikiri kwamba inamchosha.

Alasiri ile wenzangu waliniona kwa mbali. "Ndaga!" wakanisalimia kwa Kinyakyusa. "Njoo, bado ya moto!" Miguu ilitaka kwenda, sifichi. Nikaingia majarubani. Maji yakanifika magotini, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, nao wakanicheka mpaka nikatamani kuwafuata niwatukane. Sikuwafuata.

Nilimkuta mke wangu jikoni. Akasogea karibu, akanusa, kisha akaiangalia suruali yangu na ule mguu mtupu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kesho," akasema akijifuta machozi, "vua viatu kabla hujaingia majini."

Alisema kesho kama mtu anayejua kwamba atakuwepo.