Kitambaa cha Mama Kanana

Namshukuru Mama Kanana, anayesafisha shule yetu hapa Nkubu. Namshukuru mbele ya watu, kwa sababu ni mbele ya watu nilimkosea.

Siku ya wazazi nilipaswa kuwaonyesha kompyuta yetu ya kwanza ikicheza wimbo wa kwaya. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta, miezi mitatu mizima, na nilihakikisha kila mtu anajua. Nikabonyeza. Kimya. Nikakaza nyaya, nikaongeza sauti, nikaizima na kuiwasha tena. Kimya. Jasho likalowesha tai.

"Ni huyu mama," nikawaambia wazazi. "Amepanguza spika na kitambaa chenye maji, akaziharibu."

Mama Kanana alikuja akainua kitambaa cha kroshia alichozifunikia spika, kama anavyofunika redio nyumbani kwake. Chini yake zilikuwa hedifoni zangu, bado zimechomekwa kwenye spika tangu jana nilipokuwa nikifanya mazoezi peke yangu. Akaziweka sikioni.

"Mwalimu, mbona wanaimba huku ndani?" akaninong'oneza.

Akazichomoa polepole, akazificha kwenye mfuko wa aproni. Kwaya ikajaa darasa zima, akina mama wakapiga vigelegele.

"Mwalimu ametengeneza!" akatangaza Mama Kanana.

Mkuu wa shule akanishika bega kwa furaha. "Hebu waelezee wazazi, mwalimu. Shida ilikuwa nini?"

Nikautazama ule mfuko wa aproni uliotuna.

"Ilikuwa mimi," nikasema.