Namba ya Mkuu wa Kaya

Jumanne, tarehe 4 Novemba. Asubuhi mawingu mazito, mchana manyunyu. Mvua ya kupandia ilikuwa bado inangojwa.

Mama Kibiriti, aliyepewa jina hilo kwa majibu yake mafupi, alifika ofisi ya kilimo saa nne akiwa na wifi yake. Wifi ndiye aliyemburuta. Kwa miaka saba majirani wenye vishamba kama chake walipokea ruzuku ya wakulima wa kipato cha chini kila msimu, naye alipanda bila mbolea, akiamini kwamba mumewe alipoondoka kwenda kutafuta vibarua vya ujenzi, serikali iliwafuta wote wawili kwenye orodha. "Wewe na aibu yako mtakufa njaa pamoja," wifi alimwambia njiani.

Karani, binti mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitafuta jina kwenye kompyuta, akatazama, akatazama tena. Akaeleza polepole kwamba kaya yao haijafutwa. Fedha zilitumwa kila msimu kwa namba ya mkuu wa kaya, na kila msimu zilitolewa siku ileile, kabla ya adhuhuri.

"Zinatolewa wapi?" Mama Kibiriti aliuliza.

"Mfumo hauonyeshi, mama. Ila anayezitoa anayo namba ya siri."

Wifi akaanza kumtukana kaka yake, yeye na ukoo wake wote, mpaka akakumbuka kuwa ukoo wenyewe ni wake pia. Mama Kibiriti hakucheka. Namba ile aliijua kichwani. Mwaka wa kwanza aliipiga kila jioni, ikawa haipatikani; mwaka wa pili Jumapili tu, kisha akaacha. Suruali ya mumewe bado ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba. Kila alipopaka chokaa aliishusha, akairudisha kwenye msumari uleule. Leo ndiyo kwanza anasikia kwamba huenda mtu huyo bado anavuta pumzi mahali fulani.

Karani alisogeza fomu ya kubadili namba. Malipo ya msimu huu yangetoka kesho saa tatu. Akisaini sasa, yangeingia kwenye simu yake mwenyewe.

"Na yeye atapata ujumbe?"

"Hapana. Kwake itakuwa kimya."

Aliikunja fomu mara mbili. "Nitaileta kesho mchana."

"Utakuwa umechelewa, mama. Mpaka msimu ujao."

"Nimesikia, mwanangu."

Wifi alitangulia hatua kumi mbele njia nzima. Jioni mvua ilishuka kwa nguvu. Ilipokatika, wifi akaja na vocha ya simu, akaiweka juu ya meza, akaondoka bila kuketi.

Asubuhi, saa tatu na robo, malipo yakiwa yameshatumwa kwa namba ya mumewe, Mama Kibiriti alisimama ukingoni mwa shamba, viatu vimejaa tope, akapiga. Ikaita.

"Halo? Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mumewe, imezeeka kidogo.

"Mvua imenyesha," Mama Kibiriti alisema.

Upande wa pili zilisikika nyundo tu. Kisha: "Mpaka shamba la chini?"

"Mpaka la chini."

Simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupatikana. Alifuta mikono kwenye nguo, akaikunjua fomu, akaenda ofisini. Karani alimkumbusha kwamba fedha ataziona msimu ujao. Alisema anajua, akasaini, akarudi kupanda.