Bega la Kushoto

Fundi cherehani tunayepakana naye meza hubana pini midomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka machache na makali. Akikasirika hakupigii kelele. Hukanyaga cherehani mpaka uzi ukatike. Watu wote huwapima isipokuwa binti yake, ambaye humkatia nguo kwa macho tu, na bega la kushoto humwekea sponji ndani, maana liko chini kidogo. "Mkoba wa shule ndio uliompinda," hutuambia. "Nimemgombeza mpaka nikachoka."

Tangu binti huyo, ambaye fundi alimchukua kumlea akiwa mchanga, ampate mama aliyemzaa, uzi unakatika kila siku. Nilipojaribu kumtuliza aliniambia nishone vifungo vyangu. Jana binti akamleta yule mama dukani.

"Mama, naomba umshonee na yeye gauni la harusi yangu."

"Asimame hapo."

Alimpima kifua, kiuno na mikono, akaandika bila kumtazama usoni. Alipofika mabegani, futi yake ikasimama. Akaweka kiganja juu ya bega la kushoto la yule mgeni, akalipandisha taratibu, vilevile nilivyomwona akimfanyia binti yake miaka yote.

"Samahani, dada," mgeni akasema. "Nimezaliwa nalo hivyo."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazipanga mezani. Kisha akamgeukia binti.

"Na mimi miaka yote nakugombeza usimame wima."