Kadi za Watoto Zisizo na Namba

Wodini wanamwita Sista Maswali, na jina hilo alipewa na metroni siku ya kwanza tu, alipouliza kwa nini mashuka yahesabiwe asubuhi na si jioni. Aliuguza watu miaka kumi na minane. Mgongo ulipomgomea akahamishiwa chumba cha kumbukumbu, na huko, badala ya kukaa akisubiri kustaafu, akajifundisha kuandika programu za kompyuta. Watu wakacheka. Akili ni nywele, akawajibu, kila mtu ana zake.

Programu yake ya kadi za wagonjwa ilikuwa kwenye majaribio, na Jumatatu ile ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Metroni alishasema wazi: "Saa nane nakuja mwenyewe. Nikikuta kadi moja ina kasoro, tunarudi kwenye madaftari, na wewe unarudi kupanga mafaili." Kazi ya miaka miwili, jamani!

Saa nne asubuhi mkunga akaingia na kadi mbili mkononi. "Shoga, watoto wako hawa hawana namba ya faili."

Uzito upo. Saa ya kuzaliwa ipo. Namba na wodi, patupu! Mkunga alidhani shoga yake ataangua kilio. Akamwona anavuta kiti kwa hamu.

"Za wagonjwa wa mifupa je?"

"Ziko sawa."

"Kwa nini za mifupa sawa, za watoto hapana?"

"Nijuaje mimi? Kazi yangu kuzalisha."

Programu ile Sista aliijenga kiukoo. Kulikuwa na darasa mama, yaani kigezo kikuu cha kadi zote, aliloliita Mgonjwa, lenye hatua zake za kuanzia: kila anayepokelewa apewe namba na wodi. Chini yake yakaja madarasa watoto, yakirithi vyote vya mama. La mifupa hakuliongezea kitu. La watoto wachanga alilipa hatua zake lenyewe za kuanzia, uzito na saa, na humo mama hakumtaja hata kidogo. Alifanya makusudi, tena kwa kujisifu, maana wodini kuna sheria aliyoishika miaka yote: kilichokwisha kuandikwa hakiandikwi tena, kunakili ndiko kunakoleta makosa. Si mtoto amerithi? Amwite mama wa nini tena?

Akafuta hatua za mtoto, akatoa kadi: namba ikaja, uzito ukapotea. Akazirudisha: uzito ukaja, namba ikapotea. "Ehee!" Akarudia mara ya tatu kwa utamu wa kuona tu, saa zinakwenda. Kumbe mtoto asiyekuwa na hatua zake hufuata za mama bila kuambiwa. Akiwa nazo, hufuata zake, na za mama hukaa kimya mpaka ziitwe. Sheria ya wodi haikuwa na kosa, ila kuita si kunakili. Akaongeza mstari mmoja juu ya hatua za mtoto: kwanza fanya za mama.

Saa nane kamili metroni akasimama mlangoni, akataka kadi ya mtoto aliyezaliwa muda ule ule. Ikatoka: namba, wodi, uzito, saa. Akaisoma mbele na nyuma. Hakuona kasoro.

"Asubuhi zilitoka mbili mbovu," Sista akasema. Mkunga, aliyekaa kando yake kushuhudia, akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalishamwagika.

Metroni akaweka kadi mezani. "Zilikuwaje?"

Sista akaeleza yote, akijiona yuko tayari kwenye rafu za mafaili. Metroni akasikiliza amekunja mikono. Kisha akavuta kiti, akakaa, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa saa za kazi.

"Na mapacha?" akauliza. "Kila mmoja anamwita mama kivyake, au mmoja akiita inatosha?"

Hilo Sista hakuwa amejiuliza.

"Hebu tujaribu," metroni akasema. "Na hayo madaftari yaondoeni, yanatuzibia meza."