Mstari wa Nikodemo

Kumepambazuka Mvumi, na Evelina Chilongani ameshainama kwenye mizabibu yake. Anageuza jani mojamoja kama mama anayekagua masikio ya mtoto kabla ya kwenda shule.

Mjane huyu ana mistari kadhaa ya mizabibu, ila ule ulio karibu na jiko anauita Nikodemo. Ni jina la marehemu mumewe, aliyeupanda mwaka waliooana. Msimu uliopita nusura ung'olewe.

Majani machanga yalitoka ya manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Zabibu zikadumaa. Mwanawe Obedi, ambaye hana subira na shamba lisilolipa, akataka kuung'oa apande alizeti. Mama akaomba msimu mmoja zaidi. Obedi akakubali shingo upande, jembe akaliegemeza ukutani palepale.

Kilichomuuma Evelina ni kwamba mistari mingine ilinawiri. Ule alioupenda kuliko yote ndio uliokuwa ukidhoofika.

Bibi shamba Anitha alipokuja, alichota udongo, kisha akauliza majivu ya jikoni yanamwagwa wapi. Evelina akamwambia kwa fahari kuwa anayamwaga kwenye mstari huo huo, kila asubuhi, tangu msiba. Alijua majivu yana lishe.

Anitha hakumbishia. Majivu yana potasiamu, na mzabibu unaihitaji kwa kiasi. Yakizidi, udongo hubadilika, na madini ya chuma yanayofanya jani liwe kijani hubaki ardhini, mizizi isiweze kuyafyonza.

"Mama, umeushibisha kitu kimoja mpaka ukashindwa kula vingine," alimwambia.

"Nililia," anasema Evelina bila kuona haya. "Nilidhani namtunza mzee, kumbe namkaba."

Siku hizi majivu yanakwenda chooni. Mstari ulipogolewa, ukawekewa samadi iliyooza vizuri. Mashina machache yamekufa, na hayo bado yanamsikitisha. Mengine yamechipua, na leo machipukizi ni ya kijani mpaka nchani. Evelina anayashika taratibu, anatabasamu peke yake.

Ana mpango tayari.

"Obedi akioa, nitamkatia pingili za hapa akapande kwake," anasema. "Na mkewe nitamwambia mapema, majivu apeleke mbali."

Obedi anasikia. Jembe halipo tena ukutani. Analo yeye, upande wa pili wa nyumba, anachimba mashimo ya pingili.