Kivuva na Firigisi ya Tatu

Wako wanaume wanaoona wivu kwa sababu ya mke, na wako wanaoumwa na gari la jirani. Kivuva wa mtaa wa Jericho aliona wivu wa mkate. Tena si mkate wa kunywea chai. Ni ule unaovunjwavunjwa, ukatiwa kitunguu, majani ya rosemeri, maini na firigisi, halafu ukasokomezwa tumboni mwa kuku kabla hajaokwa. Wazungu aliowapikia huko mtaa wa Karen waliuita stafini, naye akauita hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyelinunua neno lenyewe na risiti anayo.

Miaka ishirini na sita alikuwa mpishi Karen. Siku aliyostaafu alirudi Jericho na saa ya mkononi isiyotembea, kisu kikali kuliko cha daktari, na kijiti cha rosemeri alichokifunga kwa gazeti lililoloa maji. Kijiti alikipanda karibu na mfereji, kikashika, kikawa kichaka. Mbuzi akikisogelea, Kivuva hutoka na rungu. Na kila Krismasi alipika kuku wa stafini, mpaka watoto wa mstari mzima wa nyumba wakajifunza kuja kumsalimia saa saba kamili, kila mmoja na sahani yake mgongoni. Yeye hujifanya haoni sahani. "Leo mna adabu sana," huwaambia, na kifua kimemvimba kama maandazi.

Basi Krismasi ya mwaka wa tisini na nne ikaja na mambo yake. Binti yake Koki alikuwa amepata mchumba, kijana wa watu wa Bungoma. Baba wa kijana, Mzee Wasike, mstaafu wa reli, akatuma neno kwamba siku hiyo hiyo atakuja kujuana na wazazi wa msichana. Akiridhika, mambo ya harusi yataanza. Asiporidhika, kila mtu na kwao.

Kivuva akaanza kunoa kisu.

"Weka hicho kisu," akasema mkewe Ndunge. "Baba wa msichana hapikii wakwe. Utavaa suti, utakaa kitini, utaongea na mgeni."

"Na stafini atapika nani? Wewe?"

"Nimeshaongea na Winny."

Hapo ndipo mwiba ulipoingia. Winny alikuwa msichana wa nyumba ya tatu. Kazaliwa Jericho, kakulia Jericho, na meno yake ya mbele yalipong'oka, Kivuva ndiye aliyemlisha stafini kwa kuwa ni laini. Sasa alikuwa na miaka miwili katika jiko la hoteli kubwa ya mjini, anavaa kofia nyeupe ndefu kama chupa, na watu wa Jericho walikuwa wameanza kumwita shefu. Kivuva alipika miaka ishirini na sita na hakuna aliyemwita shefu. Walimwita Baba Koki.

"Winny? Yule aliyeunguza mandazi ya kanisa?"

"Aliyaunguza akiwa darasa la nne. Siku hizi anapikia wageni mia mbili."

"Watu mia mbili wenye njaa hawajui kosa," akasema Kivuva, akatoka nje kwenda kuongea na kichaka chake.

Tangu siku hiyo akawa na kazi moja tu, kungojea Winny akosee. Tegemeo lake la kwanza lilikuwa mkate. Stafini hupikwa kwa mkate uliokauka. Mkate mpya ukiloa hugeuka uji, kuku akakatwa mezani akatoa uji mbele za watu. Vijana hawana subira, akajiambia, atanunua mkate asubuhi ya Krismasi. Lakini siku mbili kabla, akipita nyuma ya nyumba ya kina Winny, akaona vipande vya mkate vimepangwa kwenye sinia juu ya banda la kuku, vimefunikwa kwa wavu, vimekauka kama vigae. Kivuva alisimama akivitazama jinsi mtu anavyotazama picha ya jamaa aliyemnyang'anya mchumba. Usiku akaomba mvua. Mvua ikakataa.

Akabaki na majani. Rosemeri ataitoa wapi? Jericho nzima kichaka ni kimoja. Jioni ya kuamkia Krismasi akatoka kunawa, akamkuta Winny ameinama pale kwenye mfereji, anachuma.

"Habari ya jioni, Mzee. Mama Koki amesema nichukue."

"Kwani Mama Koki ndiye aliyekipanda hicho kichaka?"

"Si mnakaa nyumba moja?" Winny akacheka, akanusa kiganja chake. "Aki mmea huu ni moto, Mzee. Wetu wa hoteli hauna harufu hivi."

Sifa ilikuwa yake, na kichaka kilikuwa chake, lakini Kivuva alisikia yale maneno mawili tu, wetu na hoteli. Akalala nayo.

Krismasi ikafika. Saa nne asubuhi Mzee Wasike alikuwa ameketi sebuleni, mtu mnene mwenye sauti ya kengele ya stesheni. Kivuva alikaa mkabala naye ndani ya suti ya kahawia iliyomkaba makwapa. Alikuwa amejichagulia kiti cha dirishani, na pazia akaliacha wazi upana wa vidole viwili, hivyo jicho moja lilikaribisha mgeni na la pili lilikuwa uani. Huko Ndunge alikuwa akisukuma chapati kwa upande mmoja. Kwa upande wa pili Winny aliweka ubao juu ya stuli, kuku watatu wakiwa wameoshwa tayari. Kivuva alisubiri aulize oveni iko wapi, apate kumcheka. Hakuuliza. Alikuwa ameandaa sufuria kubwa, makaa chini, makaa mengine ya kuweka juu ya kifuniko. Ni vile vile Kivuva alivyofanya kila mwaka. Mtoto alikuwa amemwangalia, kumbe, wakati ule alipokuja kusalimia.

"Bwana Kivuva," mgeni akasema, "mimi si mtu wa makuu. Hata chai kavu nashukuru. Lakini ndugu yangu mdogo, yule ni mtu wa mila. Alikwenda kwa watu kumwona msichana, akaletewa kuku sahani imejaa. Akapekua paja. Akapekua mgongo. Akapekua mpaka shingo. Firigisi hakuna! Akanawa mikono, akasimama. Wale watu wakasema, si tumeikata ndogo ndogo, imo ndani ya mchuzi? Akawaambia, aliyekata firigisi ya mgeni amemkata mgeni."

"Ikawaje?"

"Yule msichana akaolewa Kisumu."

Walicheka wote wawili, mgeni kwa tumbo, Kivuva kwa meno. Kisha kicheko cha Kivuva kikakatika, kwa maana alisikia kisu.

Maini yakikatwa hayasemi kitu. Firigisi husema. Ina ubishi, hupiga ubao ka, ka, ka, na mtu aliyepika miaka ishirini na sita huijua sauti hiyo hata akiwa kanisani. Akainamia pazia. Firigisi ya kwanza ilikuwa imekatwakatwa na kuingia kwenye bakuli la mkate. Ya pili ilikuwa inakatwa. Ya tatu ilikuwa pembeni ya ubao, inangoja zamu.

Huko hotelini firigisi haina mwenyewe. Hata Karen haikuwa na mwenyewe, Kivuva mwenyewe alizikatakata zote. Lakini hapa mwenyewe alikuwa ameketi, anakoroga chai.

Haya, kosa alilolingojea hilo hapo. Kivuva aliliona lote kama sinema ya bure uwanjani: sahani inafunuliwa, mgeni anapekua, anapekua tena, shefu amesimama na kofia yake, na Ndunge anasema, heri ningekuachia wewe, Baba Koki. Utamu ukamshuka mpaka kwenye magoti.

Nisiwadanganye, hakuinuka mara moja. Aliuacha utamu ukae kidogo. Ka, ka, ya pili ikaisha. Nyuma ya mlango wa chumba alimsikia Koki akimuuliza shangazi yake kama kilemba kimekaa sawa, na hilo lilikuwa swali la tatu tangu asubuhi. Winny akaivuta firigisi ya mwisho katikati ya ubao.

Kivuva akasimama kwa nguvu hadi chai ikamwagikia suruali.

"Samahani, bwana Wasike. Tumbo!"

Alizunguka nyumba kwa mbio ambazo suti ile haikushonewa, akatua uani na kuweka kiganja chake juu ya ubao, kati ya kisu na firigisi.

"Mzee! Nikukate kidole?"

"Hii iache nzima."

"Mbona? Stafini itapungua."

"Ipungue. Huyu mgeni wetu akikosa firigisi nzima, Koki ataolewa na rosemeri."

Winny akatazama bakuli, akatazama firigisi, na uso ukambadilika. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nimeshakata mbili."

Kivuva alikuwa amekiota kile kisauti siku nne nzima. Sasa amekipata, akaona hakina ladha.

"Ulipoambiwa upike, hukuambiwa unampikia nani," akasema. "Lete kikombe cha bati na chumvi."

Akachuchumaa na suti yake pembeni ya jiko. Akaichemsha firigisi mpaka ikalegea, akaibanika juu ya makaa, akiipangusa kwa tawi la rosemeri. Ndunge alipogeuka na chapati mkononi, chapati ilianguka.

"Baba Koki! Nilikuambia nini?"

"Mimi niko chooni," akasema Kivuva bila kuinua kichwa.

Alirudi sebuleni na majivu gotini. Mgeni alimwangalia, akavuta hewa puani, akampa pole ya tumbo.

Chakula kilipofunuliwa, kuku walikuwa wamekaa wekundu juu ya sinia, stafini inachungulia, na juu ya stafini firigisi nzima na kitawi chake. Mzee Wasike hakupekua kitu. Aliuma nusu ya firigisi, akatafuna huku amefumba macho.

"Nani amepika hii?"

Kivuva alitazama dari. Ndunge alitazama sakafu. Winny, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika la kunawia, akasema, "Mkate ni wangu, Baba. Firigisi ni mkono wa Mzee."

Mgeni akatazama goti lenye majivu.

"Kumbe hilo ndilo tumbo?"

Akacheka mpaka kiti kikalia. Kisha nusu iliyobaki akamnyooshea Kivuva. "Shika, mkwe." Nyuma ya mlango wa chumba mtu alipiga kigelegele kifupi, akazibwa mdomo.

Kivuva akala nusu yake. Heshima ilikuwa kubwa, na alijua ni kubwa, lakini roho yake ilikuwa kwenye sinia. Mgeni alikuwa anajiongezea stafini ya Winny kwa mara ya pili, sasa ya tatu. Hatimaye Kivuva akachota kijiko kimoja, kijiko cha mtu anayepima dawa. Mkate ulikuwa mkavu juu na laini ndani, rosemeri inaita kwa mbali, kitunguu kimeiva bila kuungua. Mandazi ya darasa la nne hayakuwemo.

Winny hakumtazama mgeni aliyekuwa akimsifu. Alimtazama Kivuva.

"Mzee, imekosa nini?"

Kivuva akatafuna polepole. Akatafuta kila upande wa ulimi, kama yule ndugu yake Wasike alivyopekua kuku. Haikukosa kitu.

"Chumvi," akasema, akasogeza sahani aongezwe.