Mwalimu Tena na Mdomo wa Mama Yake

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tena, na hawakumsingizia. Ukitamka neno vibaya, alisema "Tena." Ukilitamka vizuri kidogo, "Tena." Ukilitamka vizuri kabisa alinyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa makofi yake.

Darasa lake lilikuwa chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na waliokuja ni watu wazima waliotoka kazini, wamechoka, wanataka Kiingereza kiwafae. Aliwafundisha konsonanti kwa mikono. Kwa p, kila mtu alishika kijikaratasi mbele ya midomo. Kisipotikisika, hujasema kitu. Kwa v, kidole kooni, usikie koo likinguruma. Kwa th aliwaanzishia na thelathini na dhahabu, wajue kwamba sauti hizo si ngeni kwao, kisha akawaamuru watoe ncha ya ulimi katikati ya meno.

"Mwalimu, mimi nyumbani nikimtolea mtu ulimi hivi, silali ndani," alilalamika fundi bomba.

"Na hapa usipoutoa, hutoki nje. Tena."

Zaidi ya yote alipigana na irabu za mwishoni. Neno likiishia kwa konsonanti, mtu hulibandika i au u, maana mdomo uliozoea Kiswahili hauoni raha kuliacha likiishia hewani. "Funga mlango!" alifoka, akipiga meza. Na tahajia ndiyo usiseme. Ile k inayokaa mwanzoni mwa neno la Kiingereza la kisu, isitamkwe hata kidogo, aliiita herufi iliyonuna. "Ipo, ila haisemi na mtu. Iandikeni hivyohivyo, msiibembeleze."

Mama yake aliuza nguo sokoni tangu ujana, na aliziuza kwa mdomo. Mteja aliyepita bila kununua alirushiwa maneno hadi akarudi akicheka. Kiharusi kilipompiga, mdomo ukapinda upande mmoja na maneno yakakauka. Daktari akasema yanaweza kurudi kwa mazoezi, ila yasicheleweshwe. Mwalimu Tena akapiga moyo konde. Nani amfundishe mama kusema, kama si yeye? Aliitaka sauti ile irudi kuliko alivyotaka kitu chochote duniani.

Basi kila asubuhi akavuta kigoda mbele ya kitanda, kioo mkononi. P. B. M. Kijikaratasi kikaletwa. Mama alijikakamua, mate yakimtoka, na binti akayafuta na kuendelea. Mdogo wake, mshonaji, aliyekuwa na cherehani yake chumba hichohicho, hakuvumilia.

"Dada, mpumzishe basi."

"Wewe mwonee huruma hivyohivyo, abaki bubu."

Asubuhi moja, katikati ya zoezi, mama akamkamata mkono. Akavuta pumzi, akasukuma kwa nguvu zake zote: "A... hante... mwa... nangu."

Asante, mwanangu. Mwalimu Tena alielewa kila silabi. Lakini sikio lake lilikuwa limefanya kazi moja tu miaka yote. Lilishaidaka ile s iliyovuja, na kabla moyo haujafika, mdomo ukatangulia.

"Tena," akasema.

Mama akamtazama. Akauachia ule mkono, akageukia ukutani.

Tangu hapo hakumtolea neno. Binti akabembeleza, akaimba, akanunua kioo kikubwa zaidi, jamani, kana kwamba kosa lilikuwa la kioo! Mwishowe akashika tama, akamwambia mdogo wake kwamba sauti ya mama ndiyo imekwisha hivyo.

Mshonaji akasimamisha cherehani. "Haijaisha, dada. Ukitoka tu, anaongea. Jana kanisimulia mambo ya sokoni mpaka kazi ikanishinda. Nusu sielewi, naitikia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza."

Maneno hayo yalimkata maini. Jioni hiyo aliwaruhusu wanafunzi kabla ya wakati, nao wakatazamana kwa mshangao. Alipofika nyumbani akasimama kwenye korido, mkono kwenye kitasa. Ndani mama alikuwa akisimulia, s zote zikivuja, maneno yamelaliana, na mdogo wake akiitikia "ehe, ehe" na kucheka. Ndiyo sauti aliyoiombea, na ilikuwa ikiendelea vizuri bila yeye. Alijua akiingia itakatika. Akalia palepale, kiganja mdomoni, kwa wivu na aibu pamoja. Kisha akafungua mlango.

Simulizi ikakatika. Safari hii hakukikaribia kigoda. Alivua viatu, akakaa sakafuni na kuegemea kitanda, mgongo wake ukielekea kwa mama, asiweze kuitazama ile midomo hata angetaka.

"Nisamehe, mama," akasema, akiukodolea macho mlango. "Siji kukufundisha. Nimekuja kukaa tu."

Cherehani ikaendelea, ikakoma, ikaendelea. Mshonaji alimaliza pindo zima. Mwalimu Tena hakugeuka.

Ndipo juu ya kichwa chake ikatoka sauti nzito, ya kujivuta, isiyo na konsonanti hata moja iliyosimama sawasawa. Mama alikuwa anamuuliza kama amekula.

"Bado, mama," akajibu.